Mark II ya baba: ninunue gari ndogo ya kila siku ili hii isichakae?

BintiMwandiga
Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu, hasa ninyi mnaozijua barabara za huku kwetu Kigoma, mwisho wa reli.

Nina Toyota Mark II GX100, nyeupe, namba A. Baba aliinunua akiwa bado mtumishi wa reli, akaitunza mpaka akastaafu. Sasa yupo Ujiji, macho hayamruhusu tena kushika usukani, amenikabidhi mimi. Injini ni 1G, silinda sita, haijawahi kufunguliwa. Kitambaa cha viti ni kilekile ilichotoka nacho Japani, dashibodi haina ufa, hata kitabu chake cha Kijapani kipo kwenye droo. Naipenda hii gari, siwezi kusema vingine.

Shida ni kazi ninayoifanyisha. Nakaa Mwandiga, kazini ni mjini karibu na stesheni. Asubuhi nashusha watoto shule Gungu, jioni napitia soko la Mwanga, narudi. Lami haina neno. Ila kutoka lami hadi kwangu ni makorongo, na mvua zikishika ni tope jekundu miezi na miezi. Mark II iko chini, inakwangua tumbo. Juzi sokoni bodaboda imenichubua mlango wa nyuma. Niliumia sana.

Nafikiria IST au Passo ya mkononi, ndiyo ibebe shida za kila siku. Mark II ibaki kwa Ijumaa ninapompeleka baba msikitini, na safari za familia. Mume wangu anasema nitakuwa nimeongeza gharama juu ya gharama. Baba mwenyewe anasema gari imeumbwa kutembea. Mliopita njia hii mnasemaje?

Mgebuka_Fresh
Chukua IST dada. Ikichubuliwa sokoni utalala usingizi.

KasuluHesabu
Dada, kabla hujatoa hela tupige hesabu.

Tuseme unatembea kilomita 30 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Ni kilomita 780. Mark II ya 1G kwa mizunguko ya mjini tuipe kilomita 8 kwa lita: itachoma lita 97 na nusu. IST ya cc 1300 tuipe kilomita 14: lita kama 56. Tofauti ni lita 42 hivi. Lita tuiweke shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi, ingawa ukifuatilia bei kikomo za EWURA kila mwezi unajua Kigoma tunalipa zaidi ya Dar kwa sababu ya umbali. Unaokoa kama 126,000 kwa mwezi, milioni moja na nusu kwa mwaka.

Sasa toa bima ndogo ya gari ya pili, 118,000. Toa oil, filta, tairi, na vile vitu vidogo ambavyo gari ya mkononi haikosi. Unabaki na milioni moja, ikizidi ni kidogo. Kama IST umeinunua milioni 9, inahitaji miaka tisa kurudisha hela yake. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba gari ya pili ni kubana matumizi. Unanunua umri wa Mark II. Kama hela ipo bila mkopo, hilo ni jambo la heshima kabisa. Kama ni ya mkopo, riba peke yake itameza kile unachookoa kwenye mafuta.

Nafuu moja ipo. Zamani hata gari iliyolala uani mwaka mzima ilidaiwa ada ya leseni ya kila mwaka. Bajeti ya 2017/18 iliifuta, ikaongeza shilingi 40 kwa kila lita ya mafuta. Siku hizi gari isiyotembea haidaiwi ada hiyo, kwa hiyo kuwa na mbili si mzigo kama ilivyokuwa.

SimbaWaNguruka
Mimi nitakuwa tofauti. Uza Mark II wakati bado ina bei. Toyota walisimamisha Mark II mwaka 2004, wakaleta Mark X, na yenyewe wameshaiacha. Spea za injini utapata miaka mingi, lakini taa, vioo, urembo wa milango na vile vya ndani vinazidi kuadimika. Utakuja kuitunza gari ambayo ikivunjika taa moja unazunguka nchi nzima. Uza, ongeza hela, chukua RAV4 moja inayopita kila mahali. Nyumba moja gari moja, akili inatulia.

BintiMwandiga
Asante kwa kusema wazi mkuu SimbaWaNguruka, na hoja ya taa nimeichukua. Ila kuuza haipo. Baba akisikia mlio wake getini anainuka kabla sijapiga honi. Nikimpelekea RAV4 itakuwa gari tu kama gari nyingine. Swali langu ni namna ya kuitunza.

FundiGungu
Dada yangu, magari haya nayafungua kila siku, ngoja nieleze taratibu kwa sababu humu watu wengi wanaamini kwamba gari iliyopaki imetunzwa. Sivyo.

Kwanza hiyo safari yako. Kutoka Mwandiga hadi mjini injini inapata moto vizuri, hapo huidhuru. Kinachoila ni vipande vifupi: unawasha, unashusha watoto, unazima, unawasha, sokoni, unazima. Injini ya petroli ikiwaka inatoa maji ndani ya moshi, na mengine yanaingia kwenye oil. Ikitembea muda wa kutosha yale maji yanachemka yanatoka. Ikizimwa kabla haijapata moto yanabaki. Ndiyo ule uji mweupe mnaouona chini ya mfuniko wa oil, na ndiyo sababu bomba la moshi linaoza kuanzia ndani. Safari fupi za namna hiyo wape gari ndogo, nakubaliana na wewe.

Sasa upande wa pili. Ukiipaki Mark II wiki sita, hivi ndivyo itakavyoanza kuharibika. Betri inaisha, na betri iliyokaa bila chaji inakufa moja kwa moja, hata ukiichaji haishiki. Diski za breki zinashika kutu, pedi zinagandia. Petroli inapoteza ule wepesi wake, baada ya miezi inaacha gundi kwenye nozeli. Sili za mpira zinakauka. Sili ya kompresa ya AC inalainishwa na oil inayotembea na gesi, usipowasha AC miezi mitatu usishangae gesi imetoroka. Tairi zinakaa bapa upande mmoja. Na panya. Panya wa Kigoma wanapenda nyaya kuliko mahindi, na nyaya za Mark II zikikatwa kumpata fundi umeme wa kuzifuatilia moja moja si kazi ndogo.

Wale wanaowasha gari dakika tano kila asubuhi "injini ipate joto" halafu wanazima, hao ndio wanaoimaliza. Ni yale maji niliyosema, kila siku yanaongezwa na hakuna siku yanatolewa.

Kwa hiyo kama unanunua gari ya pili, Mark II ipewe kazi. Wiki isipite haijatembea nusu saa hadi saa nzima kwa mwendo wa barabara kuu, AC ikiwa imewashwa. Una bahati, hapo Mwandiga ndipo lami ya Manyovu inapoanzia. Panda nayo Manyovu, milima ile inaifanya injini ipumue, teremka taratibu kwa gia, breki nazo zinajisafisha. Hiyo ndiyo dawa.

Mgebuka_Fresh
Fundi hapo kwenye kuwasha dakika tano umenifumbua. Mtaani kwetu wote tunafanya hivyo.

GX_Unyanyembe
Salamu kutoka Tabora. Nina GX100 kama yako, ya kijivu, na nilipitia mawazo hayahaya. Nilinunua Probox ya kazi. Nieleze kilichotokea.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mzuri. Probox ilibeba kila kitu, mbegu, magunia, watoto, mafundi. Mark II nikaiweka chini ya mwembe, na Tabora mnaijua, mwembe haukosekani kwa mtu. Kivuli safi kabisa. Msimu wa maembe ulipofika, embe bichi lilidondoka likaacha bonyeo dogo kwenye boneti, na utomvu wake ukala rangi paa lote. Popo nao wakala maembe usiku wakaacha mambo yao kioo cha mbele. Rangi ikageuka madoadoa. Tunasema kivuli, lakini mti wa matunda si banda la gari. Jenga banda la bati, pande mbili wazi upepo upite, na chini weka zege au hata matofali. Gari ikilala juu ya udongo au majani, mvuke wa ardhi unapanda usiku kucha na sakafu inaoza huku juu inang'aa. Turubai la plastiki usiweke kabisa, linafungia unyevu.

Lakini hilo la mwembe dogo. Kubwa ni hili, na ndilo ninalotaka ulisikie: hela ya sevisi ilihama. Probox ilikuwa inafanya kazi, kwa hiyo ikihitaji shokapu inapewa leo. Mark II haikuwa inadai kitu, kwa hiyo kila mwezi ilisogezwa. Oil mwezi ujao. Bushi mwezi ujao. Hakuna aliyeamua kuitelekeza, ilitokea hivyohivyo, na hata mimi nikiwa naipenda. Magari mengi yaliyokufa kwenye nyua za watu hapa Tabora yamekufa namna hiyo, na wenyewe ukiwauliza watakuambia wanayatunza.

Dada, gari ya pili isile fungu la ya kwanza. Ukiweza kutenga fungu la Mark II kabla ya kwenda kuangalia IST, nunua. Usipoweza, endelea kuiendesha Mark II kila siku, maana kuendeshwa ndiko kunakufanya usikie ikigonga.

KasuluHesabu
Hii ya GX_Unyanyembe ndiyo hoja ya uzi huu. Hesabu yangu haikuigusa.

SimbaWaNguruka
Na ndiyo maana nasema auze. Gari mbili ni mafungu mawili, na mshahara ni mmoja.

MzeeWaBandarini
Wanangu, amani iwe kwenu. Nimesoma yote. Huyu binti anatoka kwenye mji ambao una mfano wake mkubwa, tena unaelea.

Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa ikiwa vipande, ikaungwa hapa Kigoma, ikaingia ziwani mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani walipoona vita inawaelemea wakaizamisha wenyewe. Lakini mafundi hawakuiacha hivihivi. Waliipaka mitambo grisi nzito kabla haijazama, kwa kutumaini kwamba kuna siku itainuliwa. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, miaka minane baadaye, na mitambo ilikuwa bado inafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba.

Vijana wakiisikia hadithi hii wanasifu grisi. Mimi nasifu pia yaliyofuata. Grisi iliipa miaka minane. Miaka mingine yote iliipata kwa kubeba watu na dagaa na mahindi hadi Mpulungu, Zambia, na kurudi, na kwa kupelekwa matengenezo ilipochoka. Injini za mvuke zilipopitwa na wakati zikatolewa, ikafungwa dizeli. Hakuna aliyesema isiguswe kwa kuwa ni ya kihistoria.

Binti, baba yako amesema kweli. Ijumaa mpeleke, na njiani kutoka Ujiji umzungushe kidogo. Hilo gari lina kazi tayari.

BintiMwandiga
Shikamoo mzee. Baba amewahi kunisimulia habari ya ile grisi, na nitamsomea ujumbe wako. Nimeguswa.

MzeeWaBandarini
Marahaba mwanangu.

MoramuKwanza
Samahani nimechelewa kuingia. Nimesoma mleta uzi anasema lami haina neno, shida ni kutoka lami hadi nyumbani. Sasa mbona wote mmekimbilia gari?

Hicho kipande kina urefu gani? Kama ni mita mia tano au sita na mko majirani kadhaa, leteni lori za moramu, chimbeni mtaro upande wa juu ili maji yasikate barabara, wekeni karavati moja pale yanapovuka. Mkichangishana, fungu la kila mmoja halifiki bei ya IST, na kila mtu anapita, hadi bodaboda na mgonjwa usiku. IST yenyewe haiko juu kiasi mnachofikiri. Ni fupi na nyepesi, ndiyo maana inakatiza makorongo vizuri kuliko Mark II, lakini masika hiyo njia itaila nayo. Utakuwa unabadilisha shokapu za IST badala ya za Mark II.

FundiGungu
MoramuKwanza umesema kweli tupu. Nakula kwa shokapu za watu wa njia za namna hiyo, lakini kweli ni kweli. Na dada, akija mtu kukuambia uinyanyue Mark II kwa kuweka vipande juu ya springi, mkatalie. Bol joint zinakaa pembe mbaya, zinaisha haraka, na gari ile uzuri wake wote ni ule utulivu barabarani.

BintiMwandiga
Ni kama mita mia nne hivi. Majirani watano wana magari au pikipiki. Hili sikuwa nimeliwaza kabisa. Nitawaita Jumapili.

MamaWawili_Katubuka
Dada mwenzangu, naomba niseme upande ambao wanaume hawajaugusa. Gari ya watoto ni gari ya watoto. Juisi, matope ya viatu, biskuti kwenye reli za viti, mlango kufunguliwa kwa nguvu ukagonga ukuta. Ukiwa na gari unayoiheshimu utakuwa unawagombeza kila asubuhi, nao watakua wanaichukia gari ya babu yao. Mimi nina Raum, mlango wa kuteleza, haigongi mtu wala ukuta, na hata ikichafuka sina presha. Hilo nalo lihesabu. Moramu haitalitatua.

GX_Unyanyembe
Hapo mama umegusa. Watoto wangu Mark II walianza kuipenda walipoacha kugombezwa ndani yake.

KasuluHesabu
Kama ni Raum au Probox au IST, tafuta hizi za injini za NZ. Zinatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, na spea zake zinaingiliana kwa magari mengi, hata Kasulu unapata. Angalia kadi, angalia chini kama haijawahi kubeba chumvi ya Uvinza, maana gari iliyobeba chumvi inapakwa rangi ikang'aa wakati chesisi imeshaliwa. Kuagiza mwenyewe Japani kwa bajeti yako sioni faida: ushuru wa forodha 25%, VAT 18%, ushuru wa bidhaa 5% kwa cc zaidi ya 1000 hadi 2000, na juu yake ushuru wa uchakavu kwa gari za miaka mingi. Ya mkononi ya mtu unayemjua ni bora.

Swali moja dada: kadi ya Mark II ina jina la nani?

BintiMwandiga
La baba.

KasuluHesabu
Basi fanyeni uhamisho wa umiliki sasa, yeye mwenyewe akiwepo kusaini, mkamalize TRA. Mungu ampe maisha marefu. Lakini familia nyingi zinaahirisha jambo hili, halafu linakuja kuwa la mirathi, msimamizi, mahakama, na gari inalala uani bila mtu mwenye haki ya kuigusa. Gari inayopendwa na ndugu wengi inahitaji karatasi safi kuliko nyingine yoyote.

BintiMwandiga
Wakuu, nimerudi baada ya kikao cha majirani na kikao cha nyumbani. Nawapa mrejesho.

Majirani wanne kati ya watano wamekubali kuchangia moramu na mtaro. Wa tano anasubiri mavuno. Tunaanza kabla ya mvua.

Nimezungumza na mume wangu, nikamsomea ya GX_Unyanyembe yote. Tumekubaliana hivi: hela tuliyokuwa nayo hatuipeleki kwenye gari ndogo kwanza. Inaanza na Mark II, chote kinachodai kifanywe, na banda la bati lijengwe pale uani lenye sakafu ya zege. Kinachobaki tunakiacha hadi mwakani, na ndipo tutafute Raum, maana mama wa Katubuka amenishinda kwa hoja ya watoto. Kila mwezi kuna kiasi kinawekwa kwenye simu kwa ajili ya Mark II peke yake, na mume wangu ndiye atakayekishika ili nisikiguse nikibanwa. Hadi Raum ije, naendelea kuiendesha Mark II. Sokoni nitapaki mbali kidogo nitembee.

Jumamosi baba anakuja Mwandiga, tutapanda naye Manyovu. Kadi tunaishughulikia wiki ijayo.

SimbaWaNguruka, najua hukubaliani, lakini taa za pembeni za akiba nimeshaanza kuziulizia Dar kwa ushauri wako.

SimbaWaNguruka
Sikubaliani bado, ila umepanga vizuri. Ulizia na vioo vya pembeni, hivyo ndivyo vinavyoanza kupotea. Chukua vya kushoto na kulia mara moja.

FundiGungu
Dada, mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini? 1G inatumia mkanda, na desturi ni kilomita laki moja. Kama baba hakumbuki na hakuna stika kwenye kava, hesabu kwamba haujabadilishwa, na usiende Manyovu kabla sijauona.

BintiMwandiga
Baba anasema ulibadilishwa, lakini ni zamani sana, hakumbuki kilomita.

FundiGungu
Basi Manyovu isogezwe wiki moja. Agiza mkanda, tensheni yake na wota pampu kwa pamoja, maana kazi ya kuvifikia ni moja, na usikubali mkanda usio na boksi. Agiza pia kulanti ya kweli, siyo maji ya bomba yaliyotiwa rangi, kichwa cha injini ile ni aluminiamu. Fluidi ya breki nayo tutaimwaga, ina miaka inakunywa unyevu. Tairi nisomee zile namba nne za mwisho ubavuni: kama zinaishia 2319, ina maana wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi ya umri huo hata kama kashata zake bado nene haifai kwa mteremko wa Manyovu. Ilete asubuhi ikiwa ya baridi, usiiwashe mapema, niisikilize inavyowaka mara ya kwanza.